Nukuu 20,000 au nukuu 600: mkemia yupi wa nano akusimamie?

Mpwa wangu alikuja Jumamosi moja ya mwezi wa saba, katika ile baridi ya Mbeya inayomfanya mtu ashike kikombe cha chai kwa mikono miwili. "Shikamoo mjomba." "Marahaba mama, sogea huku kwenye jiko." Hakusogea. Alikuwa na simu mkononi, kurasa mbili zimefunguliwa, na uso wa mtu aliyekwisha kuamua ila anatafuta wa kumwambia kwamba amefanya vyema.

Ana shahada ya kwanza ya kemia. Mwaka mzima amejitolea kufundisha shule ya kata huko Mbarali, na huko ndiko alikoviona vilima vya pumba nyuma ya kila mashine ya kukobolea mpunga, zikichomwa moto au zikisubiri upepo uzichukue. Anataka kuzigeuza silika ya nano, yaani ile maada ya mchanga ikiwa chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, achujie maji. Wazo si jipya duniani na mwenyewe analijua hilo, lakini pumba ziko mlangoni, na hesabu yake inavutia: kilo 100 za mpunga zinatoa pumba kama kilo 20, pumba hizo zikiungua zinaacha majivu kama kilo 4, na sehemu kubwa sana ya majivu hayo, mara nyingi zaidi ya asilimia 85, ni silika. Kilichobaki ni msimamizi wa uzamili.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa mkemia wa maada aliye ng'ambo: amenukuliwa, yaani makala zake zimetajwa na watafiti wengine, zaidi ya mara 20,000, na kipimo cha h, ambacho nitakieleza, ni 62. Wa pili ni mhadhiri wa hapa nchini: nukuu kama 600, h ni 13.

"Mjomba, hapa kuna swali kweli?"

Lipo. Tulikaa nalo hadi jua likazama. Na kwa kuwa kila mwaka kuna kijana wa Iringa, Njombe, Songwe au wa hapa hapa anayeniuliza lile lile, nimeona niliandike. Mimi ni fundi sanifu wa maabara, si profesa. Nimeosha vyombo vya watu wenye h kubwa na vya wenye h ndogo, na masizi yao ni yale yale. Majina ya hawa wawili siyataji, na namba zao nimezizungusha kidogo mtu asije akaanza kuwasaka. Nitawaita wa Ng'ambo na wa Nyumbani.

Kwanza, h inahesabu nini

Kipimo hiki kilipendekezwa mwaka 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California kule San Diego. Unapanga makala za mtu kuanzia iliyonukuliwa zaidi, kisha unashuka mstari kwa mstari hadi pale nukuu zinapokuwa chache kuliko namba ya mstari. Tuseme mtu ana makala tano, zimenukuliwa mara 50, 18, 9, 4 na 2. Mstari wa nne una nukuu 4, umefika. Mstari wa tano una nukuu 2, haujafika 5. Basi h yake ni 4. Ile makala ya nukuu 50 ingekuwa na nukuu 5,000, h ingebaki 4 vile vile.

Kwa hiyo 62 ya wa Ng'ambo maana yake ana makala 62 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 62. Si jambo dogo hata kidogo, na sitaki mtu aondoke hapa akidhani nalidharau. Lakini h haina breki ya nyuma: inapanda au inasimama, haishuki. Mtu anaweza kustaafu akaenda kulima parachichi Rungwe, na h yake ikaendelea kupanda akiwa shambani na jembe.

Hirsch mwenyewe aliliona hilo, akapendekeza h igawanywe kwa miaka tangu makala ya kwanza ya mtu. Tukafanya hivyo juu ya bahasha ya bili ya umeme. Wa Ng'ambo ameanza kuchapisha miaka 31 iliyopita: 62 kwa 31 ni 2. Wa Nyumbani ana miaka 9: 13 kwa 9 ni 1.4 na kitu. Pengo lililokuwa karibu mara tano likawa halifiki hata mara moja na nusu. Mpwa wangu aliitazama bahasha, akavuta kigoda karibu na jiko.

Kuna na safu ya pili ambayo wengi wanairuka. Google Scholar, mtambo wa kutafutia makala za kitaaluma mtandaoni, huonyesha jumla ya nukuu zote, na pembeni yake nukuu za miaka ya karibuni peke yake. Isome hiyo ya pili. Inakuambia kama mtu bado anachemsha au amebaki na joto la jiko lililozimwa.

Dirisha moja, si matatu

Hapa ndipo vijana wengi wanapojikwaa, na wakubwa pia. Mtu mmoja ana namba tatu, kwa sababu madirisha ni matatu na kila moja linahesabu kwa sheria zake.

Google Scholar, iliyoanza 2004, ni ya bure na inaokota kila kitu: tasnifu, rasimu ambazo hazijapitiwa na wataalamu, mada za makongamano, vitabu. Scopus ya kampuni ya uchapishaji ya Elsevier, nayo ya 2004, na Web of Science, ambayo mizizi yake ni faharasa aliyoianzisha Eugene Garfield mwaka 1964, huchagua majarida ya kuyahesabu na kuyaacha mengine nje. Tulipomtafuta wa Nyumbani kwenye Scopus, nukuu zake 600 zilipungua karibu nusu. Mpwa wangu akaguna. Nikamwambia angoje tumtafute na wa Ng'ambo kule kule. Naye akapungua, ingawa si kwa kiasi hicho. Mtafiti wa kwetu huumia zaidi kwenye madirisha haya ya kulipia, maana kazi zake nyingi zinanukuliwa kwenye tasnifu za wanafunzi na majarida ya karibu ambayo huko hayahesabiwi.

Ukilinganisha watu wawili, watazame wote kupitia dirisha moja. Kumchukua mmoja kwa Google Scholar na mwingine kwa Scopus ni sawa na kupima viazi vya huyu kwa debe na vya yule kwa lumbesa.

Tena ukurasa wa Google Scholar hutunzwa na mwenyewe, na mashine humtupia makala za watu wenye majina yanayofanana na lake. Nimewahi kuona mkemia wa maada mwenye makala ya ndigana ya ng'ombe katikati ya oksidi ya titani. Hakuwa mwizi, alikuwa mvivu wa kufagia. Kama mtu ana namba ya ORCID, ile ya tarakimu 16 iliyoanza kutolewa 2012, anzia huko: inamtambulisha yeye na si wajina wake.

Nukuu zimetoka wapi

Sehemu hii ndiyo iliyotula saa, na ndiyo ninayoiamini kuliko nyingine zote. Panga makala za kila mmoja kwa nukuu, fungua tano za juu, uzisome walau muhtasari na orodha ya waandishi.

Za wa Ng'ambo: tatu kati ya tano ni makala za mapitio, yaani makala zinazokusanya kazi za wengine kuhusu mada fulani. Makala ya mapitio hunukuliwa sana kwa sababu ni rahisi: ukitaka kusema "nano hutumika kwenye dawa, nishati na maji" unaitaja moja, unasonga mbele. Kuiandika kunahitaji kujua mengi, sikatai, ila hakuhitaji kushika kopo la asidi. Ya nne ina waandishi zaidi ya 20, yeye yuko katikati. Ya tano ndiyo yake haswa, ya miaka mingi nyuma, njia ya kutengeneza chembe za oksidi zenye ukubwa mmoja, na ni nzuri. Niliisoma mara mbili.

Za wa Nyumbani: ya kwanza ina nukuu 140, na ni kazi ya maabara, silika kutoka kwenye majivu. Jina lake ni la mwisho, lina alama ya nyota inayoonyesha kuwa ndiye mwandishi wa mawasiliano. Jina la kwanza ni la mwanafunzi. Katika kemia huo ndio mpangilio wa kawaida: aliyefanya kazi kwa mikono hutangulia, mwenye maabara hufunga. Makala zake nne kati ya tano zimekaa hivyo, kila moja na mwanafunzi tofauti mbele. Kwa mtu anayetafuta wa kumsimamia, orodha hiyo ya majina ina uzito kuliko 140.

Nukuu pia hufuata vumbi la mtaani. Mfano ninaoupenda ni wa William Hummers na Richard Offeman. Mwaka 1958 walichapisha makala fupi mno kuhusu kutengeneza oksidi ya grafiti kwa asidi ya salfa, nitrati ya sodiamu na pamanganeti ya potasiamu. Ikalala miongo. Kisha 2004 Andre Geim na Konstantin Novoselov kule Manchester wakaitenga grafini, tabaka la kaboni lenye unene wa atomu moja, mwaka 2010 wakapata Nobel ya fizikia, na maabara za dunia nzima zikahitaji njia ya kuipata kwa wingi, na oksidi ya grafiti ikawa mojawapo. Ghafla kila mtu akamkumbuka Hummers. Makala ilikuwa ile ile, neno kwa neno.

Nyanja ya nano ni soko la Mwanjelwa. Mwenye meza kwenye njia kuu anauza viazi vile vile vya mwenzake aliyeko ndani kabisa, lakini anauza mara nne kwa sababu watu wanapita kwake. Tangu Sumio Iijima alipoandika kuhusu mirija ya nano ya kaboni mwaka 1991, watu hawajaacha kumiminika, na Nobel ya kemia ya 2023 kwa nukta za kwanta, chembe za nano ambazo rangi yake hufuata ukubwa wake, waliyopewa Bawendi, Brus na Ekimov, imeongeza wengine. Mkemia wa nano anaweza kuwa na nukuu nyingi kuliko mwanahisabati hodari kwa sababu tu anauza njia kuu. Hivyo usimlinganishe mkemia wa nano na mkemia wa mimea ya dawa kwa namba hizi. Mlinganishe na wenzake wa meza za jirani.

Kuna na ujanja ambao lazima niutaje. Fungua orodha ndefu ya baadhi ya wakemia wa nano utakuta: chembe za nano za madini ya fedha zilizotengenezwa kwa majani ya mwarobaini, chembe za fedha kwa majani ya mlonge, kwa maganda ya ndizi, kwa maganda ya chungwa. Jani limebadilika, grafu ni zile zile, sentensi za utangulizi ni zile zile, na kila makala inazinukuu zilizotangulia. Kazi ya kwanza ya namna hiyo ilikuwa na maana. Ya kumi na tisa ni kujaza gunia. Scopus inakuruhusu kuondoa nukuu za mtu kujinukuu mwenyewe, na ile orodha ya kila mwaka ya asilimia mbili ya wanasayansi wanaonukuliwa zaidi, iliyoasisiwa na John Ioannidis wa Stanford na wenzake, huweka hesabu zote mbili, pamoja na kujinukuu na bila kujinukuu. Namba ikiporomoka ukiondoa kujinukuu, jua umeona povu.

Wenye orodha wenyewe wameanza kuogopa. Clarivate, wenye Web of Science, hutoa kila mwaka orodha ya watafiti walionukuliwa zaidi, na mwaka 2024 waliwaacha nje zaidi ya 2,000 ambao namba zao zilikuwa zimewaingiza lakini mwenendo wa uchapishaji wao ukawatia shaka. Wa Ng'ambo, kwa haki yake, tulimwondolea kujinukuu na namba yake ikatikisika kidogo tu. Wa Nyumbani alipungua kwa kiasi kama hicho.

Mchoro hausemi uongo kirahisi

Nikamwambia mpwa wangu aache namba, afungue mchoro mmoja wa kila mtu. Mchoro wa mionzi ya X, yaani grafu inayoonyesha atomu za unga zimejipanga vipi, ndio ninaoufahamu zaidi.

Pumba zikichomwa kwenye nyuzi 600 hadi 700 za selsiasi, silika inayobaki haina mpangilio wa kifuwele, na ndiyo tunayoitaka kwa kazi ya kuchuja maana ina uso mpana na matundu mengi. Kwenye mchoro inaonekana kama mgongo mmoja mpana karibu na pembe ya nyuzi 22, umelala kama mlima Loleza ukiutazama kutoka mjini. Ukizidisha moto, silika hujipanga kuwa fuwele iitwayo kristobaliti, na pale pale kwenye pembe ya nyuzi 22 unatokea mshale mwembamba kama mnara wa simu. Katika makala ya wa Nyumbani kulikuwa na michoro minne juu kwa juu, ya joto nne tofauti, na unaona kwa macho mgongo ukigeuka mshale. Mmoja ulikuwa mbaya, umejaa makelele ya mashine, na chini yake ameandika bila kuficha kwamba sampuli ilikuwa ndogo mno. Nilimpenda hapo.

Makelele yana historia yake. Jan Hendrik Schön alikuwa nyota wa maabara ya utafiti ya Bell Labs kule Marekani, akitoa makala za transista za molekuli, yaani swichi ndogo mno za umeme, mfululizo kwenye majarida makubwa kuliko yote, na akinukuliwa mno. Wenzake wakagundua kwamba makelele kwenye grafu za majaribio tofauti yalikuwa yale yale, kiduchu kwa kiduchu, jambo lisilowezekana. Septemba 2002 kamati ya uchunguzi ilimkuta na hatia katika tuhuma 16 kati ya 24. Nukuu hazikuwa zimemkamata. Waliomkamata ni watu walioziangalia grafu kwa makini.

Za wa Ng'ambo zilikuwa safi, picha za darubini ya elektroni zenye mstari wa kipimo unaosomeka na hesabu ya chembe mia kadhaa pembeni. Hiyo ni maabara tajiri na watu makini. Sina cha kukosoa.

Kile ambacho hakuna dirisha linalokionyesha

Mwaka 2015 Chuo cha Uhandisi cha Kifalme cha Uingereza kilitoa kwa mara ya kwanza Tuzo yake ya Afrika ya ubunifu wa uhandisi, pauni 25,000, na ikaenda kwa Mtanzania: Dk. Askwar Hilonga, mhandisi wa kemikali wa Taasisi ya Nelson Mandela kule Arusha, kwa chujio la maji linalounganisha mchanga na maada za nano, linaloweza kurekebishwa kulingana na uchafu wa eneo, floridi mahali pamoja na metali nzito mahali pengine. Mtu anayekunywa maji hayo kijijini hanukuu makala. Kama ungemchagua mwalimu wa kuchuja maji kwa kufuata h peke yake, huenda usingemfikia kabisa. Na kwetu sisi, ambao tuna wachimbaji wadogo Chunya wanaokamata dhahabu kwa zebaki, swali la nani amewahi kukifikisha kitu bombani si dogo.

Kingine kisichoonekana ni muda wa mtu. Hapa nitasema yangu.

Miaka iliyopita nilisoma uzamili, na msimamizi nilimchagua kwa namba, kama alivyotaka kufanya mpwa wangu. Chuo sikitaji wala mtu simtaji. Alikuwa na sifa zote. Katika miaka miwili nilimwona ana kwa ana mara mbili. Sampuli zangu 14, kila moja kwenye kichupa cha plastiki cha ukubwa wa kidole, nilizifunga kwenye boksi la viatu nikazipakia basi la alfajiri kwenda Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800, zikapigwe picha huko. Zilikaa siku tisa kwenye chumba cha mizigo kwa sababu aliyeahidiwa kuzipokea hakuambiwa. Zilipofunguliwa vizibo sita vimelegea, unga umenyonya unyevu wa pwani na kugandamana kama chumvi ya jikoni. Nikamwandikia msimamizi nikiomba ushauri, nizirudie au niziache. Jibu lilikuja baada ya wiki sita. Lilikuwa neno moja: "Endelea."

Niliendelea. Lakini nilijifunza kuuliza kabla: mashine ya mionzi ya X iko wapi, darubini ya elektroni iko wapi, nani anailipia, na sampuli ikiharibika nampigia nani simu. Kwa wa Ng'ambo vyote viko jengo moja. Kwa wa Nyumbani mionzi ya X ipo, darubini ya elektroni anaomba kwa marafiki na anasubiri miezi. Hilo ni pengo la kweli, na ukiniuliza mimi ni kubwa kuliko pengo la 62 na 13.

Basi nani amchukue nani

Kama unaenda uzamivu, una ufadhili kamili wa miaka mitatu au minne, swali lako ni la kimsingi, mfano kwa nini chembe inakua umbo hili na si lile, nenda kwa wa Ng'ambo na usisite. Utagusa mashine ambazo huku utaziona kwenye picha tu, na jina lake kwenye barua ya kukupendekeza litakufungulia milango. Sharti langu ni moja: wapate wanafunzi wake wawili waliomaliza, uwaandikie. Majina unayo, ndio waandishi wa kwanza wa makala zake. Uliza nani hasa alisoma rasimu za tasnifu yao, na ilichukua muda gani.

Kama ni uzamili wa miaka miwili, mali ghafi iko Kyela au Usangu, na unataka kurudi na kitu kinachofanya kazi, mchukue wa Nyumbani. Miaka miwili ni mifupi. Robo ya mwaka inaweza kwisha unasubiri kibali cha kusafirisha gunia la pumba kuvuka mipaka. Na mtu wa h 13 inayopanda ana njaa ya makala yako kuliko mtu ambaye kwake itakuwa ya 300 na kitu.

Kama wa Nyumbani kwenye orodha yako ni yule wa mwarobaini, mlonge na maganda ya ndizi, mwache, hata kama ofisi yake iko mtaa wa pili. Na kama wa Ng'ambo hajawahi kuwa na mwanafunzi kama mwandishi wa kwanza katika miaka mitano iliyopita, naye mwache. Hiyo maabara ina matatizo au imefungwa.

Kuhusu ukubwa wa jarida sitasema mengi. Kipimo cha mvuto cha jarida ni wastani wa nukuu kwa makala za jarida zima, hakijui makala yako. Watafiti waliokutana San Francisco mwaka 2012 waliandika azimio kupinga kuwapima watu kwa namba hiyo, na bado kamati za kupandisha vyeo zinaiuliza. Ijue, usiiabudu.

Njia ya tatu ipo pia: wasimamizi wawili, wa Nyumbani awe mkuu na wa Ng'ambo awe mwenza kwa ajili ya darubini. Inawezekana, ila nimeona ikigeuka mtoto wa mama wawili asiyepewa chakula na yeyote. Ifanye pale tu wao wenyewe wanapofahamiana na wamewahi kuchapisha pamoja.

Mpwa wangu aliandika barua pepe tatu usiku ule ule, simu ikiwa kwenye chaja juu ya meza yangu. Moja kwa mwanafunzi wa zamani wa wa Ng'ambo. Huyo alijibu baada ya siku nne, kwa upole sana: profesa ni mtu mwema, kundi lina watu kama thelathini, mikutano ya kila wiki huendeshwa na watafiti wasaidizi, na yeye mwenyewe hukutana nawe makala inapokaribia kutumwa. Ya pili ilikwenda kwa wa Ng'ambo mwenyewe. Majibu yalitoka kwa katibu wake, na maombi ya mwaka huo yalikuwa wazi hadi mwezi wa kumi na moja.

Ya tatu ilikwenda kwa wa Nyumbani. Alijibu asubuhi, kabla hatujamaliza uji. Hakuuliza alama zake za chuo. Aliuliza pumba ni za mpunga gani, shamba lilipata mbolea ipi, na kama anaweza kupata gunia moja ambalo halijalowa mvua.

"Mjomba, kwani mbolea inahusu nini?"

Nikamwambia hilo amuulize yeye, maana mimi nalijua nusu tu. Jumatatu alipanda basi kwenda Mbarali. Gunia liko kibarazani kwangu sasa, na panya wameshalitoboa upande mmoja.